Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa): madaftari ya Tabora Boys yako mikononi mwa nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, ambayo wengi tunaiita Tabora Boys tu. Ukarabati wa shule kongwe tumeuona na tunashukuru. Aliyewahi kulala bwenini chini ya paa linalovuja hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini mkandarasi hulipwa kwa paa, madirisha na vyoo. Madaftari ya usajili, picha za zamani na mihutasari ya vikao vya walimu si kazi yake, na stoo ikitakiwa kupakwa rangi, makaratasi ndiyo hutangulia kutolewa nje.

Kwa shule hii hasara hiyo ingekuwa kubwa. Waingereza waliianzisha mwaka 1922 wakiwalenga hasa watoto wa machifu, wapate watawala wenyeji wa kuwaendeshea nchi. Kilichofuata unakijua. Mwaka 1937 aliingia hapo kijana kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akasoma hadi 1942. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe na kisha waziri katika serikali ya uhuru, alipita hapo. Rashidi Kawawa vilevile. Na mwaka 1963 serikali ya yule mtoto wa Burito ikafuta mamlaka ya machifu, shule yenyewe ikiwa imewafundisha pande zote mbili za mvutano huo! Vitabu vya darasani vinamtaja Nyerere, basi. Nani alisoma naye darasa moja, ametoka wapi, na lini milango ilianza kufunguka kwa watoto wasio wa ukoo wa kitawala, hayo hukaa kwenye daftari la usajili.

Kwihara, nje kidogo ya mji huohuo, tembe alilofikia Livingstone limefanywa makumbusho. Alikaa miezi michache tu mwaka 1872. Sina ugomvi na mgeni kuenziwa, ila Mwalimu Nyerere alikaa Tabora Boys miaka.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ipo tangu 2002, na Idara ya Nyaraka za Taifa ina wataalamu. Ninachoomba ni waraka mmoja kutoka ofisini kwako: stoo ya shule kongwe yoyote isifunguliwe kwa ajili ya ukarabati kabla mtaalamu wa nyaraka hajapita, na kila shule itenge chumba kimoja kikavu chenye kufuli. Tabora Boys ianze. Halafu wazee waliosoma hapo kabla ya 1961 warekodiwe sauti zao, tena upesi, kwani hata aliyeingia mwaka ule wa mwisho sasa amevuka umri wa miaka sabini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia