Bullard aliruka chini ya bendera ya Ufaransa

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nilipostaafu jeshi, na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Eugene Bullard, rubani mweusi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, imenishinda kuimeza.

Mwandishi wako amemwita "rubani wa jeshi la Marekani". Si kweli! Bullard alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1895, lakini ndege alizorusha zilikuwa za Ufaransa. Marekani ilipoingia vitani 1917 na kuanza kuwachukua raia wake waliokuwa wakirusha ndege za Ufaransa, yeye alipimwa afya, akafaulu, akaachwa kwa sababu ni mweusi. Cheo cha Luteni Usu walikuja kumpa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kumzika. Mmewapa sifa waliomkataa.

Mmeruka pia miaka yake ya handaki. Alijiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, lile linaloandikisha watu wa mataifa mengine, 1914 akiwa askari wa miguu, na Machi 1916 akajeruhiwa vibaya pajani kwenye mapigano ya Verdun, Ufaransa, akiwa na Rejimenti ya 170. Nishani ya Msalaba wa Vita aliipata kwa damu ya Verdun, aliyoimwaga kabla hajagusa usukani wa ndege. Beji ya ubawa wa urubani ilikuja Mei 1917.

Linaniuma kwa sababu nami ni askari wa miguu, wa Vita vya Kagera. Leo nalinda geti la jengo moja mjini. Siku ya Mashujaa mwaka jana nilikuja na medali yangu mfukoni, nikitoka zamu nipitie kwenye mnara. Utepe wake umepauka, pini imeshika kutu. Nilipoinama kuvuta komeo ikaanguka kwenye kokoto, mbele ya tairi la gari. Kijana aliyekuwa ndani akapiga honi mara tatu. "Mzee, ondoa hicho kibati, nimechelewa!" Umri wake ni wa mjukuu wangu, hata shikamoo hakuna. Na sisi walinzi tunasimama saa 12 mfululizo, kiti hatupewi, mvua ikinyesha tunajibanza ukutani, mshahara ukichelewa hakuna wa kumuuliza, halafu mtu anakuita kwa honi kama unaitwa mbwa. Bullard naye mwaka 1959, mwaka huo huo Ufaransa ilipomvisha nishani ya Legion of Honour, alikuwa akiendesha lifti Rockefeller Center, New York. Waliopanda humo kila siku, ni wangapi walimuuliza alitoka wapi?

Naomba masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile kubwa, na chini ya picha yake muandike: askari wa miguu na rubani wa Ufaransa. Kisha tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mtume mwandishi mmoja akae getini na mlinzi mwenye mvi, kuanzia saa 12 jioni mpaka alfajiri, amuulize alikuwa kikosi gani. Aje na kiti chake.

Askari mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam