Dhahabu mmeiona, je, juu ya dari?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu majumba kongwe ya maonyesho ya London yalinifurahisha mpaka nilipofika pale mlipoandika kwamba majumba hayo sasa "yameokolewa", kwa kuwa yamepakwa upya rangi ya dhahabu na kuwekewa viti vipya vyekundu. Mimi ni fundi plasta. Kwa miaka mingi huku Uingereza kazi yangu imekuwa juu ya dari za majumba ya namna hiyo, mahali ambapo mtazamaji hafiki na mpiga picha wenu hakufika. Naomba nafasi nieleze yale ambayo picha zenu hazikuonyesha.

Nakshi zile za darini, vitoto vyenye mabawa, mashada ya maua na makombe ya pwani, si mawe wala mbao za kuchongwa. Ni jipsamu, unga mweupe wa plasta unaokorogwa na maji ukawa mgumu. Enzi za Malkia Victoria mafundi waliimimina jipsamu kwenye kalibu, wakatandaza ndani yake kitambaa cha gunia na fito nyembamba za mbao ili isipasuke. Kipande kikishakauka kilikuwa chepesi, kikapandishwa juu na kufungwa kwenye mbao za paa. Kalibu moja ilitoa malaika yuleyule mara nyingi kadiri mteja alivyotaka. Ndiyo maana Frank Matcham, msanifu aliyejenga au kukarabati majumba ya maonyesho zaidi ya 100 kabla ya kufariki mwaka 1920, aliweza kuwapa watu wa miji ya viwanda jumba linalong'aa kama kasri bila gharama ya kasri. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Namvulia kofia.

Tatizo liko kwenye vifungo. Dari lote limening'inia kwa vitambaa vya gunia vilivyochovywa jipsamu na kuzungushwa kwenye mbao za juu. Maji yakivuja kidogo kidogo kutoka kwenye mfereji wa paa ulioziba majani, gunia linaoza. Hata lisipolowa, likishakaa juu kule kwenye joto na vumbi kwa miaka mia, ukiligusa linameguka kama tumbaku kavu. Tarehe 19 Desemba 2013 sehemu ya dari la Apollo, jumba la maonyesho la London lililofunguliwa mwaka 1901, liliwaangukia watazamaji onyesho likiendelea. Watu zaidi ya 70 waliumia na kwa bahati hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa vifungo vile vya gunia vilikuwa vimechoka. Aliyekuwa amekaa chini akitazama juu asingeona kasoro yoyote, dhahabu ilikuwa mahali pake.

Wasomaji wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa sana. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kuna jambo jingine ambalo makala yenu yaliligusa kwa mstari mmoja tu: "ngazi za pembeni zisizo na mvuto". Ngazi hizo, Mhariri, zina historia nzito kuliko ukumbi wa mbele wenye marumaru. Maskini waliokaa juu kabisa, kwenye mabenchi ya mbao, hawakupita mlango mmoja na wenye makoti ya mahameli. Walikuwa na mlango wao kichochoroni, dirisha lao la tiketi na ngazi yao yenye kuta tupu. Na wao ndio waliokufa. Tarehe 5 Septemba 1887 jumba la Theatre Royal la mji wa Exeter, Uingereza, ambalo halikuwa limetimiza hata mwaka, liliungua baada ya moto wa taa ya gesi kushika mapazia ya juu ya jukwaa. Watu 186 waliangamia, wengi wao wale wa juu, waliosongamana kwenye njia yao moja ya kutokea. Msanifu wake alikuwa C. J. Phipps. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyesanifu Savoy ya London, iliyofunguliwa mwaka 1881 na kuwa jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa taa za umeme peke yake. Dawa aliijua, Exeter haikuipata.

Baada ya Exeter sheria zilikazwa, na majumba yaliyofuata yanaonyesha hivyo: njia nyingi za kutokea, milango inayofunguka kwa nje, pazia la chuma linaloteremshwa kati ya jukwaa na watazamaji. Pazia hilo halina nakshi, na mara nyingi halipigwi picha. Nimeona mmiliki mmoja (simtaji) akiigeuza ngazi ya watu wa juu kuwa stoo ya vinywaji, huku akitoa pesa nyingi kurudisha rangi ya kale ya ukumbi wa mbele. Huo nao unaitwa uhifadhi.

Sikatai kwamba hali imekuwa bora kuliko zamani. Mwaka 1957 mwigizaji Vivien Leigh alisimama ndani ya Bunge la Mabwana akapaza sauti kupinga kubomolewa kwa jumba la maonyesho la St James's la London, akatolewa nje, na jumba likabomolewa vilevile. Leo kuna Theatres Trust, taasisi ya kulinda majumba ya maonyesho, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1976, ambayo halmashauri hulazimika kuisikiliza kabla ya kuruhusu ujenzi unaogusa jumba la maonyesho. Lakini sheria haipandi juu ya paa kuzibua mfereji. Hilo linafanywa na mtu anayelitumia jengo. Ndiyo sababu mimi siwacheki wacheza bingo, ule mchezo wa bahati nasibu wa namba. Hackney Empire ya Matcham huko London, ya mwaka 1901, ilikuwa studio ya televisheni, kisha ukumbi wa bingo kuanzia miaka ya 1960, na mwaka 1986 ikarudi kwenye maonyesho. Bingo iliweka taa zikiwaka. Tazameni Hippodrome ya Brighton: bingo ilipofungwa mwaka 2007, jengo lilibaki tupu kwa miaka mingi, mvua ikafanya kazi yake.

Kuhusu Lyric ya Hammersmith, ambayo mmeiita "feki", hapo tunatofautiana kabisa. Jengo la mwaka 1895 lilibomolewa, ni kweli, lakini plasta iliokolewa na kujengwa upya ndani ya jengo la zege, likafunguliwa mwaka 1979. Kwangu mimi hilo ni afadhali mara kumi kuliko ule mtindo wa kubakiza ukuta wa mbele na kujenga fleti nyuma yake.

Mkitaka mfano mzuri wa kuandikia, nendeni Alexandra Palace, London. Jumba lake la maonyesho la mwaka 1875 lilikaa limefungiwa umma kwa takriban miaka 80, likafunguliwa tena mwaka 2018. Kuta zimeachwa zikiwa na rangi inayobambuka na madoa yake yote, kwa sababu fedha zilielekezwa kwenye kuliimarisha jengo. Wageni wengine wanadhani ukarabati haujaisha.

Ombi langu ni dogo. Tiketi nyingi za London sasa zina tozo ya ukarabati iliyojumuishwa kwenye bei. Mwandishi wenu atakaporudi huko, awaulize wamiliki ni kiasi gani cha tozo hiyo kimekwenda juu ya dari, ni lini vifungo vilikaguliwa mara ya mwisho, na kama wanaweza kumpandisha akaone mwenyewe. Avae viatu vya kazi.

Fundi plasta, Leeds