Risala ya Wanakikundi cha Zeze kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Bagamoyo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: shikamooni, na wa rika letu hamjambo.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua wewe husomewa risala nyingi, kwa hiyo mafanikio tutayapitia upesi: kikundi kipo hai, kina wavulana na wasichana, kinakutana Jumamosi baada ya usafi, na sherehe ya shule haipiti bila sisi. Hayo yanatosha. Tulilokujia nalo ni zeze lenyewe.

Zeze tunalojifunza ni la Wagogo. Wapo wazazi waliotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini watoto wa Pwani, kwenye mji wa Wakwere, Wazaramo na Wadoe wenye ngoma zao, wakazanie ala ya Dodoma. Mheshimiwa, Ugogo na Bagamoyo hawakuanza kujuana jana. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilikatiza Ugogo, ikatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi wa huko, ndipo ikashuka kutua mizigo hapa kwetu. Baadaye akaja Mzee Hukwe Zawose, Mgogo ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zeze lake na ilimba, kile kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, vilisikika katika majukwaa ya Ulaya, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikarekodi nyimbo zake. Alipofariki Desemba 2003, alifia hapa hapa Bagamoyo, na ukoo wake bado unapiga muziki mjini petu. Kwa hiyo tunajifunza kwa majirani.

Ala yenyewe haina makuu ukiitazama: kibuyu kilichokatwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi, mpini wa mti, nyuzi mbili, na upinde mdogo uliofungwa katani. Nyuzi zetu ni waya tuliouchambua kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Kabla ya kupiga, katani ya upinde husuguliwa ulimbo mkavu. Ukiusahau, upinde unateleza bila sauti. Ukiuzidisha, zeze linakoroma kama mbuzi mwenye mafua. Halafu kuna hewa ya bahari. Ngozi inayokaa vizuri kwenye ukavu wa Dodoma, hapa hulegea asubuhi hata sauti ikazama, ikabidi tuianike juani kwanza ndipo tuanze. Wanaopita hudhani tumeacha kazi tunaota jua.

Lakini kazi kubwa ni ya sikio. Wengi wetu tumekulia kwenye kinanda cha kwaya. Muziki wa Kigogo unajengwa juu ya sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya waya mmoja, kuanzia ya nne hadi ya tisa ukihesabu sauti ya waya mzima kuwa ya kwanza, na ile ya saba huangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Mwenye sikio la kinanda huiona imepotoka, na kidole chake kinataka kuipandisha. Fundi wetu, mzee anayetufundisha zeze, habishani na mtu. Anaamuru mazeze yawekwe chini, anapiga ilimba, nasi tunaiimba sauti hiyo hadi koo liikubali. Vidole hufuata. Kwa maoni yetu hilo ndilo somo zima, na hatujaona namna ya kulikatiza.

Kwa desturi ya Wagogo, ngoma ya muheme ilikuwa ya wanawake na zeze likawa la wanaume. Siku hizi wanawake wa ukoo wa Zawose wanalipiga majukwaani, na wasichana wetu wamelishika bila kuuliza mtu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba radhi kwa hili, ila lazima tuliseme. Mara nyingi zeze hukumbukwa mgeni anaposhuka kwenye gari. Tunapigishwa dakika mbili, mgeni anakaa, spika zinafunguliwa, na sisi tunaelekezwa kwenye soda. Soda tunazishukuru.

Kwa sababu hiyo hatuombi fulana wala spika. Vibuyu tunapanda nyuma ya bweni, na ngozi tunapata machinjioni. Tunaomba fundi wetu apewe posho, kwa kuwa hadi leo anakuja kwa bodaboda kwa pesa yake, na mzee huyu si kijana tena. Tunaomba pia utusemee kwa TaSUBa tupate nafasi katika tamasha lao la kila mwaka, hata kama ni mchana wakati watu bado wachache. Na kama ofisi yako ina kinasa sauti, tuazimwe, tumrekodi fundi akiwa na nguvu zake, wimbo mzima mzima, pamoja na namna anavyotega nyuzi.

Baada ya risala hii tutapiga wimbo mmoja wa Kigogo. Ni mrefu kidogo. Tunakuomba uusikilize hadi mwisho, na tunamwomba mshereheshaji asiguse spika.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanakikundi cha Zeze