Barua kwa mwalimu wa useremala

Kwako rafiki yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku ni wazima, na kazi zinaendelea. Katika barua yako uliniuliza kama vitabu vya zamani vya ufundi, vile vilivyoandikwa ili mtu ajifunze kazi kwa mikono yake mwenyewe, vina faida yoyote kwa vijana wako wa chuo, au ni vya kuwekwa kabatini tu. Mimi naona vina faida kubwa, ila si ile ambayo wengi huitafuta humo.

Nianze na kile cha Joseph Moxon, mchapaji na mtengenezaji wa tufe za dunia huko London, kiitwacho Mechanick Exercises, ambacho alianza kukitoa mwaka 1678 kwa sehemu ndogo ndogo zilizouzwa moja moja. Alianza na uhunzi, akafuatisha useremala na ukerezaji, na mwaka 1683 akageukia uchapaji, kazi iliyomlea. Mapema kabisa anamtahadharisha msomaji kwamba ufundi wa mkono haufundishwi kwa maneno bali hupatikana kwa mazoezi, na kwamba hamwahidi mtu yeyote kuwa fundi kwa kusoma tu. Mwandishi anayeanza hivyo mimi humwamini, hata nikijua kwamba michoro kadhaa ya zana za useremala aliinakili kutoka kitabu cha Mfaransa André Félibien cha mwaka 1676. Kwa hiyo usidhani kila kilichochorwa humo kilikuwa mikononi mwa maseremala wa London.

Kilichonivuta zaidi ni jinsi mafundi wa zama hizo, ambao hawakuwa na kipimajoto karakanani, walivyojua kazi imefika wapi kwa kutazama, kunusa na kusikiliza. Tazama habari ya patasi. Chuma cha pua kikishapashwa hadi kikawa chekundu na kuchovywa majini, huwa kigumu mno na ncha yake hukatika kwa urahisi, kwa hiyo lazima kipashwe tena, safari hii kwa moto wa taratibu. Kabla ya hapo fundi hung’arisha upande mmoja kwa jiwe, kisha hukaa akiutazama: kwanza hutokea rangi ya manjano kama ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, na mwisho buluu. Rangi hizo hutokana na utando mwembamba wa kutu ambao huzidi kunenepa kadiri joto linavyopanda. Patasi ya mbao huondolewa motoni rangi ikiwa ingali ya manjano au imeanza kuelekea kahawia. Ukingoja buluu umepata springi, makali yatalala. Wahunzi wetu wanaofua patasi kwa springi za magari yaliyochakaa wanayajua haya bila kitabu, lakini kijana wako ambaye hajawahi kusimama kando ya mhunzi atayapata wapi?

Gundi nayo ni vivyo hivyo. Gundi ya ngozi huloweshwa katika maji baridi hadi ilainike, kisha huyeyushwa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, na haichemshwi kamwe, maana ikichemka hupoteza nguvu. Uzuri wake ni kwamba kiungo kinaweza kufunguliwa baadaye kwa joto na unyevu, na ndiyo sababu viti vya kale bado vinatengenezeka. Kwa mwambao wetu, hata hivyo, sikushauri. Unyevu huohuo unaomsaidia mrekebishaji utakufungulia meza kabla mteja hajamaliza kulipa. Hapo gundi nyeupe ya dukani inashinda.

Kama unataka michoro, mtafute André Roubo, seremala wa Paris, mtoto wa seremala, ambaye kazi yake L’Art du menuisier ilitoka kati ya 1769 na 1774, na sehemu kubwa ya michoro aliichora mwenyewe. Kifaransa kisikutishe, kwani viungo vya mbao vinaonekana wazi hata kwa asiyesoma neno.

Jambo moja ulikazie macho kabla hujawapa vijana kurasa zozote: vitabu vya aina hii vimejaa maelekezo ya kutengeneza rangi za madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vingine vinafundisha kupaka dhahabu kwa zebaki, ambayo huvukizwa motoni. Mafundi wengi waliugua kwa mvuke ule. Kurasa hizo uziondoe kabisa.

Mimi ningeanza na sehemu ya kunoa na kupasha patasi, kwa sababu mkaa na vipande vya springi mnavyo tayari. Nimekuandalia nakala ya kurasa hizo pamoja na maelezo yangu ya Kiswahili pembeni, nitakutumia kwa basi. Mkishajaribu, niandikie ni patasi ya rangi gani iliyokaa vizuri kwa mbao za mninga na ipi kwa mvule, nami nitarekebisha maelezo kabla ya muhula ujao.

Wasalimie vijana wa karakana na mama watoto.

Ni mimi rafiki yako.