Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: tuzihesabu wenyewe tafiti za lupasi

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

YAH: DAFTARI LA TAIFA LA TAFITI ZA LUPASI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mkutubi wa chuo. Kutwa nawatafutia wanafunzi wa udaktari makala kwenye kanzidata za kimataifa. Vilevile nina mdogo wangu mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Alitibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Baka lililomtanda mashavuni na juu ya pua, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa, tukaambiwa ni mzio wa sabuni. Miaka miwili ilipita ndipo daktari mmoja akaandika kipimo cha ANA, kinachotafuta kwenye damu kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, na damu ikabidi isafirishwe mkoa mwingine.

Mwezi uliopita mwanafunzi alinionyesha makala inayopima tafiti za lupasi duniani kote. Za namna hiyo ni nyingi siku hizi: machapisho hukusanywa kutoka kanzidata kama Web of Science au Scopus, hugawanywa kwa nchi, kisha huchorwa ramani. Marekani imekolea rangi, China na Ulaya zinafuata. Afrika, ukiacha Misri na Afrika Kusini, ni nyeupe karibu yote. Kijana akaniuliza, "Kwa hiyo huku kwetu huu ugonjwa ni nadra?"

Swali hilo halijanitoka. Ramani ile haihesabu wagonjwa. Inahesabu makala, tena zile tu zilizomo kwenye orodha za wenye kanzidata, na kila makala huandikiwa nchi iliyo kwenye anwani ya mwandishi. Damu ikitoka Tanzania na waandishi wote wakawa na anwani za ng'ambo, hesabu ni ya ng'ambo. Hata neno la kutafutia lina mitego. Lupus kwa Kilatini ni mbwa mwitu. Ukiliandika peke yake, kanzidata inakuletea makala za mbwa mwitu wenyewe na za kifua kikuu cha ngozi, ambacho nacho kiliitwa lupus vulgaris. Asiyechambua anahesabu vyote. Na tasnifu ya mwanafunzi wetu, aliyekaa wodini miezi mingi na majalada ya wagonjwa, haimo.

Dhana kwamba sisi hatuugui magonjwa haya ina umri. Mwaka 1968 Brian Greenwood aliandika katika The Lancet, kutokana na kazi yake Nigeria, kwamba magonjwa ya kinga yalionekana kwa nadra huko, akakisia kuwa huenda malaria na vimelea vingine vinawakinga watu. Lilikuwa swali zuri la kisayansi. Lakini kutoonekana kuna sababu nyingine pia. Vigezo vya mwaka 2019 vya EULAR na ACR, vyama vya wataalamu wa magonjwa ya baridi yabisi vya Ulaya na Marekani, vinavyotumika kuwaingiza wagonjwa wa lupasi kwenye utafiti, vinadai kwanza ANA iwe imepatikana angalau mara moja kwa kiwango cha 1:80 au zaidi, yaani bado ionekane hata sampuli ikizimuliwa mara 80. Pale ambapo kipimo hakipo, mgonjwa haingii kwenye utafiti, makala haiandikwi, na ramani inabaki nyeupe. Halafu daktari kijana anaitazama ramani hiyo, anamwandikia mgonjwa dawa ya malaria.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliyoanzisha taasisi yako iliipa pia kazi ya kusajili matokeo ya utafiti wa tiba unaofanyika nchini. Maombi ya vibali vya maadili vya kitaifa nayo yanapita mikononi mwenu, kwa hiyo mnaujua utafiti tangu haujachapishwa. Naomba muanze na lupasi peke yake: daftari moja lililo wazi kwa kila mtu, lenye utafiti ulioombewa kibali, mahali ulipofanyika, idadi ya wagonjwa, sampuli zilikopelekwa, na kama matokeo yalichapishwa au yamebaki kabatini. Tasnifu ziingizwe, hata za Kiswahili zikiwapo. Na kila hospitali inayotajwa iandikiwe kama ina kipimo cha ANA au haina, maana bila hilo idadi ya tafiti haisomeki.

Jumamosi nina nafasi. Tasnifu zilizo kwenye rafu za chuo chetu naweza kuanza kuziorodhesha mwenyewe, mkinipa fomu mnayotaka ijazwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkutubi