Baruti za kuari si sawa zote

Kwa Mhariri,

Mimi nafanya kazi kuari huku Njiru, na kila mlipuko ukiskika mtaani watu wanaanza kusema baruti ipigwe marufuku. Uoga wao naelewa juu nyumba zimesonga karibu sana na shimo, lakini kokoto za kujenga Nairobi zitatoka wapi? Ile kitu hakuna mtu anauliza ni hiyo baruti ni ya aina gani.

Babangu alikuwa anachaji mashimo, yaani anajaza baruti kwa mashimo yaliyodriliwa kwa jiwe, na dainamaiti za zamani. Alikuwa anarudi jioni kichwa kinampasuka, sisi tukidhani ni jua, kumbe ni nitrogliserini, ile kemikali ya kulipuka ndani ya dainamaiti, inapita kwa ngozi inafungua mishipa ya damu. Hiyo nitrogliserini ikiwa yenyewe haitaki kutikiswa, ndo iliua Emil Nobel kule Stockholm mwaka wa 1864, halafu kakake Alfred akaituliza kwa kuifyonzesha kwa unga wa daiatomaiti, ule ule unachimbwa hapa kwetu Kariandusi karibu na Gilgil, na 1867 akaisajili kama dainamaiti. Sasa shida ni ikizeeka kwa stoo inatoa jasho, na hilo jasho ni ile nitrogliserini imerudi. Kuna kuari nishawahi kuambiwa nibebe katoni imelowa chini eti haina neno. Nilikataa na nikakaa wiki mbili bila kazi.

Siku hizi kuna baruti ya aina ingine inaitwa emalsheni. Haina nitrogliserini, ina maji ndani, ikianguka ama igongwe kidogo kwa kawaida hailipuki mpaka detoneta, kale kafataki ka kuanzisha mlipuko, iiamshe. Anayefaidika sana ni mtu wa drili, juu kuna siku shimo moja linakataa kulipuka, baruti inabaki ndani ya jiwe na kesho yake yeye ndo anatumwa hapo hapo na mashine. Hata kama ni emalsheni, shimo la jana halidriliwi tena, hiyo wasimamizi waache mchezo.

Na upole wake usitufanye tulale. Ule mlipuko wa Beirut 2020 ulikuwa wa amonia nitreti, ile ile inatengeneza emalsheni, kitu ngumu sana kulipuka, lakini tani 2,750 zilikaa bohari miaka mingi mpaka moto ukazifikia.

Kwa hivyo wale wa leseni chini ya Sheria ya Baruti, Sura ya 115, wakija kukagua tafadhali wasiishie kwa ofisi ya mwenye kuari, wafungue katoni, wasome tarehe, halafu wamuite kando yule anayechaji mashimo wamuulize.

Mfanyakazi wa kuari, Njiru