Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu Kuhusu Marekebisho ya Hati za Madai Yanayoletwa kwa Kuchelewa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Nakuandikia nikiwa wakili ambaye amewahi kuomba marekebisho akiwa amechelewa, na amewahi pia kuyapinga, kwa hiyo sijitoi katika lawama nitakayoitaja.

Shauri lililonisukuma kuandika lilihusu ukuta ulioanguka. Mdai alisema kwamba mkandarasi, niliyekuwa nikimtetea, alivunja mkataba. Hati ya utetezi ikajibu mkataba, viini vya mgogoro vikaandikwa juu ya mkataba, na mashahidi watatu wa mdai wakahojiwa kuhusu mkataba huo na si kingine. Shahidi wa tatu aliposhuka kizimbani, wakili wa mdai alisimama akaomba aya ya saba ifutwe na mahali pake paingie madai ya uzembe. Maombi yalikubaliwa kwa kauli tuliyoizoea, kwamba mdaiwa atafidiwa kwa gharama za kesi. Tukiwa mlangoni, mteja wangu aliniuliza gharama hizo zingemrudishaje msimamizi wake wa ujenzi, mtu pekee aliyeona zege likichanganywa, ambaye hatukuchukua maelezo yake kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelalamikia zege, na ambaye sasa alikuwa marehemu. Sikuwa na jibu.

Mazoea haya yana asili inayoheshimika. Mwaka 1884, katika shauri la Cropper dhidi ya Smith nchini Uingereza, Jaji Bowen alieleza kuwa kazi ya mahakama ni kuamua haki za wadaawa, wala si kuwaadhibu kwa makosa ya uendeshaji, na akaziona gharama kama dawa ya kuponya madhara ya makosa hayo. Lakini huko huko Uingereza, mwaka 1987, Lord Griffiths alisema katika shauri la Ketteman kwamba haki haiwezi kupimwa kwa fedha kila mara, akikumbusha mzigo ambao kesi humtwika mtu. India ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2002 kanuni yake inazuia marekebisho baada ya usikilizwaji kuanza, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba mwombaji, pamoja na kuwa makini, asingeweza kulileta jambo hilo mapema.

Siombi mlango ufungwe kabisa. Jina lililokosewa herufi au namba ya kiwanja iliyogeuzwa irekebishwe hata siku ya mwisho, na mtu anayejisimamia bila wakili astahili uvumilivu ambao mimi sistahili. Ninalolilalamikia ni badiliko linalogeuza sababu ya madai yenyewe baada ya ushahidi kutolewa. Hapo mdaiwa analazimika kuanza utetezi upya mbele ya mashahidi aliokwisha kuwahoji, huku mpinzani wake akiwa ameshaona wapi kesi ya kwanza ilipovuja. Ukomo wa muda nao huguswa, maana katika mifumo mingi marekebisho yakishakubaliwa huhesabiwa kana kwamba yalikuwamo tangu hati ilipofunguliwa, na dai lililokwisha kupitwa na wakati huweza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Ninaomba kanuni imtake mwombaji wa namna hii aeleze kwa hati ya kiapo ni lini alilijua jambo analotaka kuliongeza na kwa nini hakulileta siku hiyo. Kauli ya kwamba wakili alipitiwa, ambayo nimewahi kuitumia mwenyewe, isitoshe peke yake. Hakimu naye, kabla hajataja gharama, aandike katika uamuzi wake ni ushahidi gani upande wa pili hauwezi tena kuupata, na kama upo, ayakatae maombi. Pale anapoyakubali, haki ya kuwaita tena mashahidi waliokwisha kuhojiwa itolewe katika amri hiyo hiyo, bila mdaiwa kulazimika kuiletea maombi mengine.

Wako mtiifu,
Wakili wa kujitegemea